Ukuta wa Makapi ya Maharagwe

Maua ya pareto yakikaushwa hutoa harufu ya majani makavu yenye ukali unaowasha pua, na mtu aliyekulia kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haisahau hata akizeeka. Papa alirudi nayo nyumbani kila asubuhi, imemganda kwenye koti na kwenye nywele, nasi watoto tulipiga chafya kabla hatujamwamkia. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto usiku kucha katika nyumba ya kukaushia pareto, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Bihambwe. Moto ukizidi, maua huungua, ukipungua, huoza. Kwa hiyo wenzake walipolala yeye alikesha, na watu walipochukua majembe kwenda shambani, yeye ndiyo kwanza alitafuta kitanda. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitutawala, nami nilikuwa msichana mdogo mwenye pengo la meno ya mbele na maneno mengi kuliko umri wangu.

Shida yetu ilikuwa barabara. Awali ilipita ng'ambo ya kilima, lakini baadaye ilikatwa upya, ikaja kupita nyuma kabisa ya chumba cha wazazi wangu. Malori yaliyobeba madini ya bati kutoka Walikale yalipanda pale yakiguna na kukohoa, vikombe vikatetemeka kwenye kibao, na Papa akagaagaa kitandani hadi alasiri. Alitoka chumbani na macho mekundu, akala, akarudi kwenye moto wake hivyo hivyo. Haikuchukua muda akasinzia kazini, na maua yote yaliyokuwa juu ya moto yakaungua. Kapita aliyewasimamia wafanyakazi hakumtukana. Alimwambia tu kwamba akirudia atafukuzwa, na asiye na kazi atapelekwa Walikale kuchimba bati. Sisi tulijua maana yake, kwa sababu baba mdogo alikwenda huko nikiwa bado mgongoni, nami nilimjua kwa jina tu. Niliogopa sana. Nilipenda kuwa na baba nyumbani mchana, kitu ambacho watoto wenzangu hawakuwa nacho, hata kama baba huyo alikuwa amelala.

Mama akaanza kupigana na kelele, na hakuwa na kitu cha kununulia chochote. Alitundika mikeka ukutani, kisha blanketi la pekee tulilokuwa nalo, sisi tukajifunika kanga zake. Lori la kwanza lilipopita tukajua kwamba tumepata baridi bure. Akasokota majani makavu ya migomba akaziba nyufa zote. Vumbi likapungua, kelele zikabaki. Kilichobaki ni mdomo wake. Alisimama mlangoni na kumwambia kila aliyepita, "Polepole, Papa iko analala." Alituambia sisi, akawaambia wauza maziwa, akamwambia Mama Sifa, jirani yetu, ambaye bila kinyongo alihamishia kinu chake nyuma ya nyumba yake. Hata jogoo wetu alifungiwa mbali, kisha akaliwa. Madereva wa malori tu ndio hawakuambilika.

Dawa niliipata mimi, na niliipata kwa utundu. Tulikuwa tumevuna maharagwe, na baada ya kuyapiga kwa fimbo uani, makapi yake yalilundikwa pembeni yakisubiri kuchomwa. Nilijichimbia ndani ya lundo lile, nikajifunika mpaka kichwani. Mama aliniita mara nyingi, akaanza kuwauliza majirani, mwishowe akaona kidole cha mguu kimechomoza, akanivuta.

"Furaha, nakuita tangu zamani, weye uko unanyamaza tu?"

"Mama, sikusikia kitu," nikamjibu nikilia. "Na lori sikusikia."

Lori lilikuwa limepita muda ule ule. Mama alibaki ameinua fimbo, akalitazama lundo, akanitazama mimi, kisha akaiweka fimbo chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hasa: akaingia mwenyewe ndani ya makapi, mwanamke mzima, akaniamuru nipige sufuria. Nikapiga kwa moyo wote. Alipotoka, kichwa kimejaa makapi, alikuwa anacheka.

Yeye na Papa walikata matete wakasimamisha ukuta wa pili ndani ya chumba, ukiacha nafasi ya urefu wa mkono kutoka ule wa nje. Tukajaza makapi katikati, tukiyashindilia kwa mchi wa Mama Sifa, kisha tukakandika udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Chumba kilipungua hata mtu akaingia kitandani kwa ubavu, lakini malori yakawa yanasikika kama yako kule kwenye njia ya zamani. Papa alilala mpaka Mama akaingia kuhakikisha kwamba anapumua. Alipoamka aliomba chakula mara mbili, akanirusha juu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu malori yaanze. Kwetu nyumba nzima ilikuwa kama imepona homa.

Kisha mvua zikaja. Paa lilivuja pembezoni, maji yakateremka katikati ya kuta zile mbili, na siku chache baadaye ukuta wa chumba cha kulala ukaanza kuota. Machipukizi meupe yalipasua udongo, yakajipinda kuelekea mwanga wa mlango. Kumbe Mama, kwa haraka ya kuwahi mawingu, hakuyapepeta makapi vizuri, na punje zilibaki nyingi. Milimani kwetu ambako maharagwe ndiyo kila kitu, mwanamke hupimwa kwa upepetaji wake, na aibu ya namna ile haifichiki. Mama Sifa alikuja kutazama, akakaa chini kwa kucheka.

"Mama Furaha, sisi tunalima ku kilima, weye unalima mu chumba. Utavuna mwezi gani?"

Mama hakucheka. Alitaka kubomoa ukuta, ayatoe makapi, ayapepete upya. Lakini jua lilikuwa haba, yasingekauka upesi, na Papa angerudia kukosa usingizi wakati kapita anamvizia. Papa akakataa.

"Wacha iote," alisema. "Miye nalala. Afazali kulala mu shamba ya maharagi kuliko kulala Walikale."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Tuliziba paa kwa nyasi mpya, machipukizi yakanyauka yenyewe, na ukuta ukabaki na vishimo vyake. Papa hakuunguza maua tena. Hakupelekwa kokote, na nilikua nikiwa na baba.

Siku hizi ninakaa mjini, kwa mtoto wangu, kando ya barabara yenye pikipiki nyingi kuliko malori ya wakati ule. Tumesukuma kabati la nguo likaegemea ukuta wa nje, tumetundika mapazia mawili mazito, na kelele zimepungua kidogo. Nami sasa ndiye ninayelala mchana, kwa uzee. Juzi nilikuwa nimejinyoosha kitandani, vijana wa pikipiki wakasimama chini ya dirisha wakiunguruma na kupiga honi. Nikasikia mjukuu wangu, ambaye huniita Koko, yaani bibi, akifungua mlango. Hajawahi kuuona ukuta ule, na Mama alifariki kabla hajazaliwa.

"Polepole," akawaambia. "Koko iko analala."

Wakazima. Mimi sikuwa nimelala hata kidogo, na sikulala tena siku ile, kwa furaha.