Kochi Jipya Lililonifanya Nimbebe Mama Mkwe

Kuna watu hapa Kitale wakinipata sokoni bado wananiuliza kama nimebeba mama mkwe leo, na siwezi kukana, kwa sababu kweli nilimbeba, mchana kweupe. Wacha niwaambie mwenyewe, maana hadithi inayozunguka imetiwa chumvi, na isitoshe ile ya kweli inaniaibisha vya kutosha.

Mke wangu Nekesa ni wa kijiji cha Matulo, na Jumamosi hiyo mama yake alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza, na wajomba wawili. Nilitaka kitu kimoja tu, mama arudi nyumbani akisema binti yake ameolewa mahali pazuri. Kwa hiyo nikaficha viti vya plastiki kwa jirani nikanunua makochi mapya, yakaletwa Ijumaa vanishi ikiwa bado inanata kwa kidole. Fundi akaniambia, "Boss, hii ikae nje siku kadhaa, ama ufungue madirisha yote. Gundi bado ni kali." Nikamwambia sawa, kisha nikafunga madirisha yote, kwa sababu barabara yetu ina vumbi na kitambaa kilikuwa cha rangi ya maziwa, na (niwe mkweli) nilitaka wakwe waisikie ile harufu ya kitu kipya. Hata nailoni iliyoyafunika sikuitoa.

Sasa, kwao mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai kochi moja, hata mlangoni mmoja anangoja mwenzake apite. Nekesa alinifundisha hayo wiki nzima (sisi wazazi wetu walihamia huku kutoka mkoa wa Kati, hatuna mambo hayo). Basi mama akakaa pembe ya mbali, mimi nikakaa kwa stuli karibu na mlango, kila mtu akitazama ukuta wake.

Mjomba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, akasimama kuomba. Akaombea nyumba, akaombea mahindi, akaombea serikali ya kaunti. Nikafungua jicho moja nikaona machozi yanamtiririka, na mjomba mdogo pia analia. Nikajiambia, wamenikubali. (Hata mimi macho yalikuwa yananiwasha, nikadhani ni furaha.)

Ndipo mama akasema polepole, "Kichwa kinanizunguka," akaanza kulala upande. Nekesa alikuwa jikoni, wajomba wamefumba macho, na mafundisho ya wiki nzima yakanitoka yote. Nikaruka meza, nikamnyanyua kama gunia la mahindi, nikatoka naye mpaka uani ambako majirani walikuwa wakianika mahindi yao, nikasimama hapo naye mikononi nisijue nitamweka wapi, kwani viti nilikuwa nimevificha.

Mjomba mkubwa akatoka akikohoa. "Si umeshika mama," akasema.

"Alikuwa anaanguka, mzee."

"Nimeona. Lakini umemshika."

Mama akapata hewa, akawa sawa. Wajomba wakapiga chafya wakakubali kosa ni la makochi, lakini wakasema bado lazima nipeleke kondoo wa kuondoa mwiko huo Matulo, na kabla ya hapo mama hakanyagi kwangu. Hapo ndipo niliumia. Wakala kuku uani kwa mikeka, mimi nikala peke yangu nyuma ya nyumba, nimejaa aibu.

Wakiondoka, Nekesa akaniletea maneno, kwa sababu mama hawezi kuniambia mwenyewe. "Mama anasema makochi yako yalitaka kumuua. Halafu anasema nikwambie hukumwangusha."

Kondoo nimeshapeleka. Makochi yamekaa verandani wiki tatu, na nimeapa kwamba kitu kipya kikiingia kwangu, hata kama ni stuli, madirisha yatabaki wazi, vumbi liingie likitaka. Na mama akija tena nitasimama mbali naye kama inavyotakiwa, ila si mbali sana.