Kageha na Mrija Mmoja

Katika ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Kayole, Nairobi, wanawake huitwa kwa majina ya watoto wao. Wa chumba cha kwanza ni Mama Njoki, anayefuata ni Mama Ooko, na hata Jacklyne, aliyejifungua mwezi uliopita, tayari ni Mama Akech. Kageha huitwa Fundi, kwa sababu anafuma sweta za shule kwa mashine iliyo kando ya dirisha lake. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, na ana mrija mmoja wa uzazi. Jambo hilo la mrija ploti nzima inalijua.

Walilijua kwa njia mbaya. Mwaka juzi Kageha alishika mimba ya kwanza, baada ya miaka mitatu ya ndoa. Mama yake alimwonya kwa simu kutoka Vihiga asimwambie mtu yeyote mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe, kwani mimba changa ikitajwatajwa huharibika. Kageha alitii. Wiki ya saba alishikwa na maumivu makali upande wa kulia. Majirani walimkuta amejikunja sakafuni, wakafanya walichokijua: walimnywesha maji ya tangawizi kuondoa gesi, wakamkanda tumbo, wakamwambia alale. Neno moja tu lingetosha kuwaeleza, lakini hakulisema. Alilala na siri yake tangu asubuhi hadi alasiri. Bega lilipoanza kuuma na macho kuingia giza, mumewe Mativo alitokea kazini na kumkimbiza hospitali. Mimba ilikuwa imetunga ndani ya mrija, na mrija ulikuwa umepasuka. Madaktari waliutoa.

"Mmoja unatosha," daktari alimwambia siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani. "Lakini ukishika tena, usingoje. Njoo mapema tuone imekaa wapi."

Tangu siku hiyo majirani wanamhurumia, na huruma yao inamchosha. Mwanamke wa ploti akijifungua, wenzake hugawana siku za wiki. Mmoja hupika uji, mwingine hufua nepi, mwingine humshika mtoto ili mama apate usingizi. Jacklyne alipojifungua, Kageha alinunua sabuni mapema na kungoja siku yake. Siku ziligawanywa kwenye bomba la maji la ploti huku yeye akifuma, dirisha likiwa wazi.

"Na Fundi tumpe gani?" mmoja aliuliza.

"Fundi mwacheni," akajibu Mama Njoki, ambaye hata akinong'ona husikika mpaka barabarani. "Mnataka kumtonesha kidonda?"

Kageha aliendelea kusukuma mashine. Sabuni ile aliitumia kufulia mapazia yake.

Mativo ni utingo wa lori linalopeleka mizigo Juba. Huondoka kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kwa miezi kumi na minne Kageha alitia alama siku zake za kushika mimba kwenye kalenda ya kanisa, lakini lori halikufuata kalenda hiyo. Siku zilizofaa zilimkuta Mativo mpakani akingoja karatasi zigongwe mihuri.

"Si uongee na tajiri wako akupe siku mbili?" Kageha alimwambia wakati mmoja.

"Nimwambie nini? Boss, naomba ruhusa, mke wangu amenisomea kalenda?"

Walicheka sana. Kisha Mativo akafunga mkoba wake na kuondoka, na Kageha akabaki akitazama alama mbili nyekundu alizokuwa ameziweka kwenye tarehe za wiki ile.

Ndipo mwezi wa Mei, Mativo akiwa ameondoka siku tisa zilizopita, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Kageha alimpigia mumewe, na simu ilikatika mara tatu kabla hajaelewa. Alimpigia mama yake pia. "Nyamaza, binti yangu," mama akasema. "Safari hii nyamaza kabisa."

Ijumaa alikwenda kupigwa picha ya tumbo, peke yake. Daktari alikitembeza kile kifaa baridi juu ya ngozi yake kwa muda mrefu.

"Ni mapema mno," alisema mwishowe. "Kwenye mfuko wa uzazi sijaona kitu. Kwenye mrija pia sijaona. Tutapima damu, na urudi Ijumaa ijayo. Unaishi na nani?"

"Mume wangu yuko safarini."

"Basi jirani mmoja ajue. Usikae na jambo hili peke yako wiki nzima. Ukishikwa na maumivu, huo hautakuwa wakati wa kuanza kueleza."

Kageha alirudi nyumbani na maneno hayo, pamoja na yale ya mama yake, na hayakupatana. Jumamosi alifuma sweta mbili na kuifumua moja. Jumapili hakwenda kanisani, maana aliogopa kukaa na kusimama. Kila alipoona mwanamke akipita dirishani alifungua kinywa, kisha akakifunga. Wenyewe walimsalimia na kupita haraka, kwani Jacklyne alikuwa nje anamwogesha mtoto, na walijua kwamba Fundi hapendi kuona hayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni kweli.

Jumatatu alikwenda kwa Mama Njoki, anayeitwa Wangu kwa jina lake. Alimkuta mlangoni akichambua maharagwe, akachuchumaa na kuanza kumsaidia.

"Mama Njoki, nina mimba."

Mkono wa Wangu ulisimama juu ya ungo. "Wiki ya ngapi?"

"Ya tano. Bado hawajui imekaa wapi."

"Na ile siku ya tangawizi?"

"Ilikuwa ya saba."

Mawe madogo aliyokuwa ameyatoa, Wangu aliyarudisha kwenye maharagwe bila kujua. "Ngai, Mungu wangu. Mimi ndiye niliyekukanda tumbo."

"Hukujua."

"Ningejuaje na umefunga mdomo? Lakini hata mimi nilificha zangu zote tano. Hata baba yao aliijua ya nne kwa kuniona natapika." Alijifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akasimama na kubeba ungo. "Twende. Nitachambulia kwako. Na nikiona umekunja uso, hata kama ni uzi umekatika, nakubeba mgongoni."

"Utaniweza?"

"Nilibeba magunia soko la Wakulima kabla hujazaliwa. Hebu songa."

Siku tatu Wangu alikaa mlangoni kwa Kageha. Wengine waliuliza, naye akawajibu kwamba chumba chake kina moshi.

Alhamisi asubuhi Kageha alisikia kitu kikimchoma chini ya kitovu, upande ule wa mrija uliobaki. Aliachia mashine. Wangu hakuuliza swali hata moja. Aliita teksi ya kijana wa ploti ya jirani, akampakia Kageha, na njia nzima akamshika mkono kwa nguvu iliyomwachia alama. Hospitalini alimwambia muuguzi kwa sauti yake ile ile: "Alitolewa mrija, ana mimba ya wiki tano, anaumwa. Msimpange foleni."

Chumbani aliingia Kageha peke yake. Alitazama dari. Alijiambia kwamba wakiutoa na huu hatalia mbele ya daktari.

"Tazama," daktari alisema na kumgeuzia skrini. Katikati ya kijivu kulikuwa na duara dogo jeusi, dogo kuliko harage. "Iko ndani ya mfuko wa uzazi. Hayo maumivu ni pale yai lilipotokea, pamevimba kidogo. Mapigo ya moyo bado hatuyaoni. Rudi baada ya wiki mbili, ndipo tutajua zaidi."

Wangu alikuwa amekwenda kutafuta chai. Kageha aliketi kwenye benchi la nje kati ya watu asiowajua, na simu ikaita. Ilikuwa Mativo, aliyekuwa ameupata ujumbe aliomtumia kutoka kwenye teksi, na upepo mwingi nyuma yake.

"Wamesema nini?"

"Iko ndani," alinong'ona.

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

Kageha aliwatazama watu wa benchi. Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto alikuwa akimwangalia.

"Mimba!" alisema kwa sauti kubwa. "Mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi! Iko mahali pake! Moyo bado, mpaka wiki mbili!"

Upande wa pili wa simu kulikuwa na upepo tu, kisha simu ikakatika, na Kageha hakujua ni maneno yapi yaliyomfikia. Alimpigia tena. Hakupatikana. Alipiga tena.