Walisema Nimenaswa na Tego

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa nimeketi bila mto mgongoni, na hilo peke yake linanitosha kumshukuru Mungu.

Kabla ya kuugua nilikuwa fundi wa mashine za kusaga na pampu za maji hapa Rudewa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea, kwanza vitabu vya injini, kisha Biblia, kwa utaratibu uleule: sikufungua ukurasa wa pili kabla sijauelewa wa kwanza. Katika kusoma huko nilipata mzigo wa kuwapelekea Injili wafugaji wa Kimasai wanaoishi ng'ambo ya mashamba ya zamani ya mkonge. Kanisa lilinikubalia kuwa mwinjilisti, lakini kwa shingo upande. Sisi ni wakulima. Wengi wetu tumewahi kuamka na kukuta mahindi yameliwa.

Mzee Yeremia, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliniambia mbele ya watu, "Mwinjilisti, anza na ng'ombe wao. Wakiokoka wale, wataacha mahindi yetu."

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini niliona kuwa yeye hakucheka.

Boma lililonipokea ni la mzee mmoja tunayemwita Baba Naserian. Siku ya kwanza mkewe alinipa kibuyu cha maziwa, yana joto la ng'ombe bado. Nilielewa kuwa nikiyakataa maziwa nimewakataa watu. Nikanywa. Tangu hapo nilifika kila Jumamosi, nikanywa, nikasoma Neno, nikaomba. Baadaye Mama Naserian na wanawake wengine wa bomani wakaanza kuja ibadani. Walikaa benchi la nyuma. Waliokaa mbele hawakugeuka kuwasalimu.

Mahindi yalipoanza kukomaa, nikashikwa na homa. Haikuwa kali. Ilipanda jioni, asubuhi ikashuka, na jasho lake lilinuka kama majani yaliyolowa yakaachwa kwenye gunia. Shuka ilikuwa ya kukamua. Kiuno kiliuma, kisha nyonga, kisha magoti, mpaka nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Zahanati walipima malaria, hawakuiona, wakanipa dawa za homa ya matumbo. Homa ikapoa. Nikarudi bomani, na homa nayo ikarudi.

Linalofuata nitalisema wazi, maana aibu ndiyo iliyokaribia kuniua. Korodani ya kulia ilivimba, ikawa ngumu na yenye moto. Nilitembea miguu imeachana. Mwanamume akitembea hivyo kijijini, watu hawamuulizi kitu. Wanaulizana wao kwa wao.

Mganga wa zahanati aliniuliza, "Una mwanamke wa nje?"

"Sina."

"Wote husema hivyo. Mlete mama. Dawa hizi mnakunywa wawili."

Mke wangu, Mama Debora, alimeza vidonge mbele ya nesi. Tulipofika nyumbani alivua kandambili, akaziweka sawasawa mlangoni, akaniuliza, "Baba Debora, nimemeza. Sasa niambie nimemeza kwa ajili ya nani."

Sikuwa na jibu, na kukosa jibu kukaonekana kuwa jibu.

Kijijini wao walikuwa nalo. Walisema nimenaswa na tego, yaani ile dawa ambayo mume humtegea mkewe ili mwanamume atakayemgusa adhurike. Kila mtu alijua mke anayesemwa ni yule anayenipa maziwa. Wanawake wale wa benchi la nyuma hawakuonekana tena. Wazee wa kanisa wakaniita.

"Hatukuhukumu," alisema Mzee Yeremia. "Pumzika huduma kwanza. Lakini mtu wa tego huponywa na mwenye mke. Nenda kwa yule Mmasai, ukamwombe msamaha, akutegue."

Nikienda, nimekiri. Nisipoenda, nitakufa wakisema nimekufa na dhambi yangu. Wito wangu ulikuwa unazimwa, na waliouzima walikuwa wanaomba pamoja nami.

Nami nikaanza kushuku. Nililala nikimpitia mtu mmoja mmoja kichwani. Nilikumbuka kuwa Baba Naserian alikuwa ameacha kuketi nami. Alisimama mbali, ameegemea fimbo, akinitazama midomo ninapoomba. Siku moja aliniuliza, "Hivi wewe ukifumba macho, unaomba nini hasa?" Nikajiambia: huyu ametia kitu kwenye kibuyu. Kisha nikamshuku hata Mzee Yeremia, kwamba alijua mapema mno dawa ya ugonjwa wangu.

Mdogo wangu, Enoki, alikaa kitandani kwangu akanong'ona, "Kaka, taja tu. Sema maziwa yalikuwa na kitu. Vijana wako tayari kwenda bomani."

"Sina hakika."

"Hakika gani tena? Si ujiangalie unavyotembea!"

Sikumtaja mtu. Haukuwa upendo; kwa wakati ule sikuwa nao. Nilinyamaza kwa sababu ufundi umenifundisha kutovunja mashine nzima kwa kubahatisha. Nikaomba, "Bwana, kama ni kufa, nife. Lakini ukweli ujulikane." Jina la Baba Naserian lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Mama Debora ndiye aliyeamua. "Twende Mikumi hospitali. Kama ni tego, hawataliona. Kama si tego, nataka nisikie kwa masikio yangu."

Tulipita Kilosa kwa basi, kila shimo la barabara likinipiga kiunoni. Daktari, mama wa makamo, alitupima wote wawili magonjwa ya zinaa. Hatukuwa nayo. Kisha akaniuliza kazi yangu.

"Fundi. Na mwinjilisti, kwa wafugaji."

"Wakikukaribisha wanakupa nini?"

"Maziwa."

"Yamechemshwa?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshanitazama.

Majibu ya damu yalipotoka daktari alisema, "Hii ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe. Unapita kwenye maziwa mabichi. Unaingia kwenye viungo, na kwa wanaume unashuka mpaka huko. Ng'ombe wenyewe hutupa mimba."

Mama Debora alijifunika khanga usoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia.

"Kwa hiyo," alisema, "mwanamke wako wa nje ana pembe."

Daktari aligeukia dirishani.

Nilichomwa sindano, nikameza vidonge wiki sita. Vilinitia kichefuchefu, na jua likawa linanichoma ngozi. Lakini jasho lilikatika, uvimbe ukanywea, na siku moja nikainama, nikafunga viatu vyangu mwenyewe.

Tulikwenda bomani wawili. Baba Naserian alisimama langoni na hakutukaribisha. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusogea. Nikamweleza ugonjwa, kisha nikauliza kama ng'ombe wake wanatupa mimba.

"Nani amekwambia?" Sauti yake ilibadilika.

"Daktari. Hakujui wewe. Anaujua ugonjwa."

Aliichomeka fimbo yake ardhini. "Tangu uanze kufumba macho humu ndani, ndama wanatoka wamekufa. Na mke wangu ana homa ya jioni. Nilisema ni wewe. Ungekuja tena peke yako, usingetoka na meno."

Basi, kumbe nilipokuwa namshuku yeye, yeye alikuwa ananishuku mimi, na ugonjwa ulikuwa mmoja. Alimwita ofisa mifugo. Mkewe alitibiwa Mikumi.

Tuliporudi bomani baadaye, Mama Naserian alibandika maziwa kwenye moto mpaka yakapanda na kushuka. Alininyooshea kikombe. Mkono wa Mama Debora ukatangulia. Alipuliza, akanywa, akanipa.

"Yamechemka," alisema. "Kunywa, usome Neno."

Wazee wamenirudishia huduma. Tangazo lake lilikuwa fupi kuliko lile la kunisimamisha, na wapo ambao bado wanaangalia mwendo wangu. Waangalie.

Kwa anayeugua ninasema: usifiche kiungo kinachokuuma, na usimtaje mchawi kabla hujamwona daktari. Maziwa yachemshe, hata uliyopewa kwa upendo. Ninamshukuru Mungu aliyeniponya mwili. Zaidi ninamshukuru kwa lile jina lililofika kwenye ncha ya ulimi wangu, Naye akanifunga mdomo.