Fremu Iliyopakwa Rangi Mpya

Kaka yangu aliipenda ile pikipiki kabla hata hatujaiwasha. Ilikuwa ya buluu, ndefu, yenye matairi ya meno makubwa, imesimama uani kwa muuzaji pale Mbinga mjini, inang'aa kama imetoka dukani jana. Mimi ni muuguzi. Zahanati yangu iko ziwani, jirani na Lituhi, na kazi ya chanjo hunipeleka kwenye vijiji ambavyo njia zake ni mawe na makorongo. Mara nyingine natakiwa kupanda hadi Mbinga, na huko juu kuna lami. Nilitaka chombo cha kuyaweza yote mawili, maana pikipiki yangu ya zamani ilishaniangusha na sanduku la chanjo mgongoni.

Muuzaji, mwanamume wa makamo, alitukaribisha vizuri. Mkewe alituletea viti akichechemea, akanisalimu bila kunitazama usoni.

"Kuna mtu wa Songea anaitaka, yuko njiani," muuzaji alisema. "Mkichelewa msinilaumu."

"Mdogo wangu, tusiipoteze hii," kaka akaninong'oneza.

Nilichuchumaa. Cheni ilikuwa nzima, injini haivuji oili. Kaka akainua gurudumu la mbele, nami nikauzungusha usukani taratibu. Ulipofika katikati ulikwama kidogo, kisha ukaendelea.

"Grisi tu imekauka," muuzaji alisema.

"Naomba niijaribu."

"Lami hiyo hapo. Nenda mpaka kituo cha mafuta, urudi."

"Naomba nipite na njia ya vumbi pia. Mimi ni nesi wa vijijini, huko ndiko nitakakoishi nayo."

Hakupenda, lakini alikubali, mradi kaka abaki pale. Kwenye lami ilikwenda vizuri hadi nikauonea aibu wasiwasi wangu. Kisha nikakata njia ya mashambani, kati ya migomba na kahawa, kwenye mteremko wa kokoto. Nilisimama juu ya vikanyagio kama nifanyavyo milimani, nikaiachia kidogo. Usukani ukaanza kutetemeka. Nilidhani ni mawe. Ukazidi, ukawa unapiga kulia na kushoto wenyewe, mikono yangu ikiufuata badala ya kuuongoza, na kushoto kwangu ukingo wa njia ulikuwa umeliwa na mvua. Sikuthubutu kugusa breki ya mbele. Nilikanyaga ya nyuma, nikashusha gia, tairi likateleza, tukaenda kuegemea kwenye tuta la kulia. Nilibaki nimekaa juu yake, goti linauma.

Nilipoinama kutazama, pale shingo ya usukani inapoungana na fremu, rangi ilikuwa imepasuka. Ndani ya ufa kulikuwa na kutu, na alama za kuchomelewa zilizosuguliwa kwa msasa.

Nilirudi nikiisukuma. Muuzaji aliliona vumbi la ubavuni kabla ya kuniona mimi.

"Umeiangusha."

"Sikuiangusha. Fremu hii ilishakatika zamani, ikachomelewa."

"Imetoka hapa nzima. Umeiharibu, utaichukua."

Madereva wa bodaboda wa kijiweni wakaanza kusogea. Mmoja akasema aliyeharibu alipe. Kaka akasimama kati yangu na muuzaji, ameukaza mkono kwenye kofia ngumu, nami nikaogopa kuliko kule mteremkoni. Angeinua mkono ule, tusingetoka pale salama.

"Tazameni ndani ya ufa," nikasema. "Kutu haiingii kwa safari moja."

Hakuna aliyeinama.

Ndipo mke wa muuzaji akatoka mlangoni. Alikuja polepole hadi kwenye pikipiki, akaweka kiganja juu ya tangi.

"Nesi, si wewe uliyeiharibu," alisema. "Ilikatika tukitoka Litumbandyosi, mimi nimepakiwa nyuma. Mguu wangu uliumia siku hiyo."

"Ingia ndani," mumewe akamwambia.

"Nitaingia. Waondoke kwanza."

Dereva mmoja akainama, akapitisha kidole kwenye ufa, akakifuta kwenye suruali yake, akarudi kijiweni. Wenzake wakamfuata. Nilitaka kumshukuru yule mama, nikahofia shukrani yangu itamponza. Nikamvuta kaka mkono, tukaondoka.

Baadaye nilipata nyingine Mpepai, kwa mzee mkulima wa kahawa. Tangi limebonyea, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nilipomwamkia na kuomba kuijaribu, alinipa ufunguo tu. "Ipeleke unakotaka, mwanangu." Niliipeleka kwenye mawe yote niliyoyaona, na usukani ukatulia. Kaka alipanda nyuma tukateremka nayo ziwani, na kila kona alikuwa akiniambia niende taratibu.

Nilipopanda tena Mbinga nilipita kwenye nyumba ile. Mama alikuwa peke yake uani, anapukuchua mahindi. Pikipiki ya buluu haikuwepo.

"Mliiuza?" nikamwuliza.

"Ameuza injini na matairi. Fremu nilimkatalia, ipo nyuma ya jiko."

"Na nyumbani mnaendeleaje?"

Alitupa gunzi pembeni, akachukua hindi jingine. "Tulikaa siku nyingi hatusemezani. Sasa asubuhi ananisalimu."

Nikavuta kigoda, nikakaa kumsaidia.