Supu ya Mwani ya Wakili Pyo

Gyeong-ok hakulala. Simu aliilaza kifuani kama mtoto mchanga, na kila ilipotetemeka lilikuwa tangazo la duka. Huko Seoul wakurugenzi wa kiwanda cha saruji walikuwa wamejifungia kupiga kura, na binti yake, wakili Bo-ram, alikuwa nje ya chumba chao akisubiri. Ama wangekubali mwenyekiti asiye wa ukoo wa tajiri mwenye kiwanda na kuanza kuzima tanuri za makaa, ama wangeutupa ushauri wake wa miaka yote ile.

"Ukipata habari nipigie mimi kwanza," Gyeong-ok alikuwa amemwambia binti yake. "Kabla ya mtu yeyote."

Huyo mtu yeyote alikuwa Wakili Pyo.

Bo-ram alipoanza kazi, majirani wa mama yake mjini Anyang waliuliza ni wakili gani huyo asiyekwenda mahakamani. Bo-ram alimweleza mama yake kwamba yeye huwaambia wenye kampuni mapema yale ambayo hakimu angewaambia baadaye: moshi wenu, mto wenu, shemeji yenu mliyemweka awakague. Jibu zuri, lakini mama alijua limetoka kwa Pyo, mkuu wake ofisini. Pyo ndiye aliyemfundisha kuchambua hesabu za kampuni, akamkemea, akamtetea wateja walipotaka waletewe wakili mwanamume. Siku hizi Bo-ram alikunywa kahawa bila sukari kama Pyo. Hata kucheka alichekea puani kama Pyo. Gyeong-ok alishukuru kwa mdomo, akampelekea mwanamke yule kimchi, kabichi ya kuchachua, kila mwaka, na moyoni akaona anamlisha mwizi wake.

Sasa kura iliangukia siku ya kuzaliwa ya Bo-ram. Kwa desturi yao, siku hiyo mtu hula supu ya mwani, ile ile aliyokunywa mama yake baada ya kumzaa. Lakini mwani huteleza, na mwenye mtihani au kura mbele yake haugusi, asije akateleza nao. Gyeong-ok akaamua kutopika.

"Mama, mimi ni wakili wa saruji," Bo-ram alimtania kwenye simu. "Saruji haitelezi."

"Cheka tu. Ukianguka utanikumbuka."

Kukapambazuka, hakuna aliyepiga simu. Gyeong-ok akafungua ukurasa wa Pyo mtandaoni, aliozoea kuuchungulia, akakuta picha: Bo-ram, macho mekundu kwa kukesha, anacheka juu ya bakuli la supu ya mwani. Chini Pyo ameandika: Tumeshinda, nami nimempikia. Sufuria iliyoonekana nyuma yake, jikoni kwa Bo-ram, aliinunua Gyeong-ok mwenyewe.

Ushindi ulimfurahisha kwa pumzi moja. Pumzi ya pili ilikuwa chungu. Mwanamke yule alikuwa wapi siku ile ya kujifungua, mimi nikiuma shuka? Akaroweka mwani, akakata nyama ya ng'ombe, akapika, akafunga chungu kwa kitambaa, akapanda treni nacho mapajani.

Mlangoni kwa Bo-ram alibonyeza namba za kufungulia. Kitasa kikalia kumkatalia. Zilikuwa zimebadilishwa, na yeye hakuambiwa. Akapiga kengele.

"Nani?" Sauti ya Pyo.

Angeweza kuacha chungu sakafuni na kushuka zake. Lakini supu ya Pyo ndiyo ingebaki kuwa supu ya mwaka huu.

"Aliyemzaa," akasema.

 Akasikia viatu vikisogezwa, na sauti ya Bo-ram, nzito kwa usingizi: "Kaa tu, Mkuu. Huyo namfungulia mimi."

Mlango ukafunguka.