Nira ya Maksai Mmoja

Daktari aliyenipima presha alikuwa kijana mpole, na vidonge alivyoniandikia havikunisumbua. Kilichonisumbua ni ushauri wake. Alisema nipunguze chumvi, nipunguze nyama, nipunguze mawazo. Chumvi na nyama niliviweza. Lakini mimi naishi kwa kuandika makala, na kabla ya hapo nilifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Nikipunguza na mawazo, sijui nyumbani kwangu watabaki wanamlisha nani. Nikamuuliza mawazo yanapunguzwaje. Akasema wapo wanaofanya yoga.

Ndivyo nilivyoanza, mtu mzima mwenye kitambi na magoti yanayolia kama mlango wa ghala, kumfuata mwalimu wa kwenye simu. Mikunjo ya mwili ilinishinda mapema. Falsafa yake ndiyo iliyoninasa, kwa sababu falsafa haihitaji magoti. Nilisoma kila nilichokipata. Nikajifunza kwamba akili ni kama maji ya lambo: ng'ombe wakiingia, tope linapanda na huoni kitu, watoe, subiri, tope litashuka lenyewe na utaona mpaka chini. Kwamba pumzi ndiyo kamba ya kuifungia akili. Kwamba kinachotutesa si jambo lenyewe bali jinsi tunavyoling'ang'ania, na anayeweza kuachia mkono ndiye mwenye afya na ndiye mwenye furaha. Niliamini. Bado naamini kwa kiasi, kama mtu anavyoendelea kuamini mwavuli wake baada ya kulowa.

Kisha mama akaugua, nikarudi kijijini kwetu Masieda kumuuguza. Hospitali walisema moyo wake umechoka. Walitupa dawa za kupunguza maji mwilini na kutuambia tukamtunze nyumbani, kauli ambayo kila mtu anaielewa na hakuna anayeitafsiri. Baba alikuwa ameshatangulia. Mdogo wangu wa kike ameolewa Hirbadaw, ana watoto na ng'ombe wa kukamua, akawa anakuja anapopata nafasi. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kubebeka kwenye mfuko.

Nyumba yetu iko mteremkoni, mlango wake unatazama njia ya kisimani. Kila asubuhi nilimgeuza mama, nikampa uji ambao alionja na kuuacha, nikamfuta miguu iliyovimba. Halafu nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye shamba la vitunguu saumu, nikakaa juu ya gunia, nikajifunika blanketi na kufumba macho. Nilikuwa nahesabu pumzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najifunza kufiwa kabla sijafiwa, kama mwanafunzi anayetafuta maswali ya mtihani mapema.

Mama aliniuliza huwa nafanya nini huko. Nikamweleza kwa kirefu, maana ualimu haumtoki mtu. Nikamwambia neno lenyewe, yoga, lina undugu na nira: akili inafungwa nira kama maksai wa kulimia, mpaka inyooke kwenye mfereji.

Mama amelima na maksai tangu usichana wake. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumwinua.

"Maksai hafungwi nira peke yake, baba," alisema alipopata pumzi. "Mwenzake yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba nitalifikiria hilo, kinyume cha ushauri wa daktari.

Asubuhi moja ardhi nyuma ya nyumba ilikuwa imelowa kwa mvua ya usiku, nikahamia uwanjani mbele, karibu na mlango, ili pia nimsikie mama akiita. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya mahindi. Nilikaa chini, nikajifunika blanketi mpaka kichwani, nikafumba macho. Jirani yetu akapita na ndoo yake. Ni mama wa umri unaokaribia ule wa mama yangu, na mimi nimemwamkia tangu nilipojua kutamka. Nilisikia hatua zake zikisimama, zikasubiri shikamoo. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa ameonya kwamba ukikatisha zoezi katikati, unaanza upya. Sikuitikia hata alipokohoa. Hatua zikaondoka, tena kwa haraka.

Sasa, kwetu mtu mzima haketi chini uwanjani alfajiri, amejifunika, akaacha kumwamkia aliyemzidi umri, ila kwa sababu moja tu. Na katika nyumba yenye mgonjwa, hiyo sababu moja haihitaji kuulizwa.

Kilio nilikisikia kikianzia ng'ambo, kikashuka bondeni, kikapanda upande wetu. Nikajiambia: sauti ni sauti, iache ipite. Nakumbuka nilijipongeza kwa jinsi nilivyokuwa siyumbi. Kilio kikaingia uwanjani. Nikasikia mzigo wa kuni ukitupwa chini, nikasikia mtu akiliita jina la mama kama wanavyoitwa waliokwisha kwenda, nikahisi mikono ya wanawake mabegani mwangu, na hata hapo nilikuwa bado natafuta namna ya kumalizia pumzi vizuri.

Kutoka ndani ikaja sauti nyembamba ya mama.

"Nani amekufa?"

Uwanja wote ukanyamaza. Jirani alikuwa na kanga mdomoni, na begani alikuwa na mfuko wa unga. Akanitazama nikiwa nimefumbua macho sasa, na mtazamo ule sitausahau; hata mtihani wangu wa udaktari wa falsafa haukunifanya nijione mjinga kiasi kile.

Nilitarajia mama akasirike au aogope. Akaagiza atolewe nje. Tukamtoa na godoro lake, tukamwegemeza ukutani kwenye jua dogo lililokuwa linajitokeza, wanawake wakamzunguka wakiwa hawajui pa kuweka nyuso zao. Mama akaanza kuwahoji. Nani alianza kulia? Nani alipiga kelele pale kwenye mteremko, maana ile sauti ilikuwa nzuri? Na yule waliyenuniana naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, naye amelia? Akaambiwa amelia, tena sana. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika.

"Nimewasikia wote," alisema. "Sasa pikeni huo unga, msirudi nao."

Wakapika. Na mama, aliyekuwa anauacha uji wangu siku zote zile, alikula ugali wa msiba wake mwenyewe na maziwa mgando, akaomba aongezwe. Niliwahi kusoma mengi kuhusu furaha na chanzo chake. Sikuwahi kusoma kuhusu mgonjwa anayekula kwa sababu amesikia anavyoliliwa.

Wanawake walipoaga, mama aliwaomba jambo moja kwa niaba yangu. Aliwaambia mwanawe ana ugonjwa wa presha na ile ndiyo dawa yake, kwa hiyo wakimwona amekaa hivyo wapite kimya, wasimsemeshe. Jirani akaapa kwamba hawatanisumbua tena. Aliona aibu, na mtu wa kwetu akiona aibu hushika neno.

Tulipobaki wawili, mama alikaa akitazama njia.

"Hawa wote wamenililia," alisema. "Wewe ulikuwa umefumba macho."

Nikamwambia nilijua yuko hai, ningelia nini.

"Najua ulijua." Akavuta blanketi. "Wewe unajifunza usilie, kwa sababu ya presha yako. Ni sawa, sitaki ufe. Lakini mimi nataka kuliliwa na mwanangu. Nimelia kwa ajili ya mama yangu mpaka sauti ikakauka. Sitaki kuondoka kama mtu anayehama nyumba ya kupanga."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo niliitoa kirahisi, kwa pumzi ndefu, nikiwa nimetulia.

Baada ya hapo alidhoofika. Mvua zikaendelea, ukungu ukawa unakaa mpaka saa nne, na kuna siku hatukuona shamba la jirani kabisa. Mdogo wangu alikuja kutoka Hirbadaw, akakaa siku kadhaa akilia kila alipotoka chumbani, akarudi kwa watoto akiwa na macho mekundu. Mimi nilikuwa imara. Nilikwenda Dongobesh kwenye zahanati kumchukulia mama dawa na kupima presha yangu, nikasimama kwenye foleni bila kunung'unika. Nilimwogesha mama bila mkono kutetemeka. Kila asubuhi nilikaa uwanjani, sasa bila kujificha, na wapitaji walipunguza sauti na hata hatua. Mmoja alimzuia mbwa wake asibweke. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kuiheshimu amani yangu. Na nilikuwa nimeipata kweli, nasema bila utani. Lilikuwa limetulia, lile lambo. Niliona mpaka chini, na chini hapakuwa na kitu.

Mama alifariki alfajiri moja, wakati namwinua nimpe maji. Aliulalia mkono wangu, nikadhani amesinzia. Nilimlaza, nikamfumba macho, nikamnyoosha mikono. Kisha nikatoka nje ili nilie, kama nilivyoahidi.

Nikakaa palepale, kwa sababu ndipo miguu ilipozoea kunipeleka. Nikajifunika kwa sababu ya baridi. Nikasubiri kilio. Kilichokuja ni pumzi. Ikaingia taratibu, ikatoka taratibu, kama maksai aliyekwisha fundishwa, anayeingia kwenye mfereji hata kabla hujamshikia fimbo. Nilijaribu kumfikiria mama nikiwa mdogo, amenibeba mgongoni kwenye mvua. Picha ikaja, nikaitazama, ikapita. Ndivyo nilivyokuwa nimejifundisha kufanya na picha.

Watu wakaanza kupita kwenda kisimani. Nilisikia hatua zikikaribia, zikapungua, zikanyata, zikapita. Nilisikia mtu akimwambia mwenzake "shh". Mama yangu alikuwa amelala ndani, amekufa, na majirani zangu wanapita mlangoni kwake kwa ncha za vidole ili wasinisumbue. Ningeweza kuita. Nilidhani kwamba nikiita itatoka sauti ya mtu anayeomba chumvi, nikaona haya.

Jirani ndiye aliyesimama. Alikuwa amemletea mama maziwa. Hakunisemesha, alikaa kwenye jiwe karibu na ukuta, akasubiri nimalize, kopo la maziwa mapajani. Alikaa muda mrefu. Mwishowe nikafumbua macho.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Umemaliza? Nimemletea maziwa yake."

"Mama amefariki."

Akanitazama usoni. Akatazama mlango, akanitazama tena, na nikaelewa kwamba anatafuta ushahidi usoni mwangu na haupati. Aliingia ndani mwenyewe. Kilio chake ndicho kilichoanza, na kwa sababu alikuwa amekwisha kukosea mara moja, watu wa ng'ambo walichelewa kuamini. Walikuja mmoja mmoja, wakitembea, wakiuliza kwanza.

Tulimzika mteremkoni, kando ya baba. Niliwashukuru waliokuja, nikataja kila kundi bila kuruka, nikazungumza vizuri. Wazee walinishika mkono wakasema nimejikaza kiume. Mdogo wangu alisubiri wageni wapungue, akaja akasimama mbele yangu, uso umevimba.

"Kaka," aliniuliza, "hata kidogo?"

Nikamwambia kila mtu ana namna yake. Alikubali kwa kichwa, akaenda kuosha sufuria.

Baada ya mdogo wangu kurudi kwake, nilikwenda Dongobesh kupima presha, kwa kuwa tarehe yangu ilikuwa imefika na mimi ni mgonjwa mtiifu. Muuguzi wa pale ametoka Tanga, amepangiwa kazi huku, na hajawahi kuusamehe ubaridi wetu. Anavaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Aliniamkia, akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena. Halafu akatabasamu.

"Baba, imeshuka. Haijawahi kuwa nzuri hivi tangu uanze kuja kwetu. Hongera. Hicho unachofanya, usikiache."

Nikashukuru.

"Na bibi anaendeleaje?" akauliza, akinyoosha mkono kwenye rafu alikozoea kunichukulia dawa za mama. "Zake zimefika leo."

Nilifungua mdomo nimwambie. Sauti iliyotoka sikuijua. Watu waliokaa kwenye benchi nje walisimama, mtoto mmoja akaanza kulia naye, na mimi nikainama mpaka paji la uso likagusa meza, mkono mmoja ukiwa bado umefungwa. Nililia kama ninayepigwa. Nililia kwa ajili ya uji alioonja na kuuacha, na kwa ajili ya maziwa yaliyosubiri juu ya mapaja ya jirani mpaka yakapoa. Muuguzi alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa kando yangu. Hakuniambia nivute pumzi.

Nilipotulia kidogo alinipa pamba nipanguse uso, maana leso hakuwa nayo. Kisha, kwa sababu ni mtu wa kazi yake na kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu, akapampu tena. Alitazama kipimo.

"Imepanda, baba. Imepanda sana."

"Najua."

Akashika kalamu juu ya kadi yangu.

"Sasa niandike ipi?"

Nikamwambia aandike hii ya pili.