Tawi Nililoliondoa Njiani

Kosa ni langu. Naliandika neno hili mwanzo kabisa, kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu najijua: nikitanguliza maelezo nitatafuta mahali pa kujificha ndani yake.

Mimi ni mwalimu. Jina langu silitaji, wala jina la kijiji nilichofundisha, ila ni katika vilima vya Kisarawe, na mwenyeji wa huko akisoma atapatambua. Nilipelekwa huko mara tu nilipotoka chuoni, kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Mkuza kule Kibaha. Nilifika na sanduku la vitabu kubwa kuliko la nguo, nikiamini kwamba nimetumwa kuwatoa watu gizani.

Katika muhula wangu wa kwanza, watoto wa upande wa bondeni waliacha kuja shuleni kwa siku mbili. Nikaambiwa kuna kitu kimewekwa njia panda na hakuna anayethubutu kukivuka. Nilikwenda kukitazama. Kilikuwa kifuu cha nazi kilichofungwa kitambaa chekundu. Nikakipiga teke mbele ya watu wote. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga. Kesho yake nilikuwa mzima, na keshokutwa pia, na juma halikuisha kabla darasa halijajaa tena.

Tangu siku ile vijana waliniita Mwalimu Teke. Nililipenda jina hilo kuliko ilivyonipasa.

Katika kijiji kile alikuwapo msasi mmoja, nitamwita Mzee Kondo. Yeye peke yake alikuwa na kibali cha gobore, alichopewa ili awafukuze nguruwe na mbogo waliokuwa wakiharibu mihogo ya watu. Alikuwa mtu wa mzaha, na mara nyingi alipita shuleni saa za mapumziko.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia siku moja.

"Marahaba, Mwalimu Teke. Mbogo naye utampiga teke?"

"Mbogo ni mnyama tu, mzee. Ng'ombe wa porini."

"Hee! Ng'ombe ukimpiga anakimbia. Mbogo ukimtia jeraha anakwenda, halafu anarudi kuzivizia nyayo zake mwenyewe, akungoje kichakani. Huyo anajua kusoma kuliko wewe, mwanangu." Wanafunzi walicheka. Kisha akaacha mzaha. "Ndiyo maana kwetu sisi wasasi, mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka afe. Humwachi. Akiua mtu, umeua wewe. Na jua likikuzamia hujamfikia, kuna mambo ya kufanya..."

Nilitazama saa, nikapiga kengele, nikamwacha na maneno yake mdomoni. Hayo mambo ya kufanya sikuyauliza siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Miezi michache baadaye nilikwenda kwetu Mkuza kumwona mama yangu, aliyekuwa akiumwa miguu. Nilirudi Jumatatu asubuhi kupitia njia ya chini, ile inayopita kando ya kichaka kikubwa cha miiba karibu na kijito. Kabla ya kukifikia kichaka, nilikuta tawi bichi limelazwa katikati ya njia, majani yakinielekea mimi, na kando yake mafungu mawili ya nyasi yamefungwa fundo.

Nilisimama. Sitasema uongo kwamba sikusita. Lakini nilipolitazama tawi lile nilikiona kile kifuu cha nazi. Nikawaza: wameanza tena, na leo watoto hawatakuja. Nikaliokota, nikalitupa mbali kwenye majani marefu. Nikayafungua mafundo ya nyasi kwa mikono yangu, moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha daftari. Kisha nikakipita kichaka nikipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Ndugu msomaji, mbogo alikuwa ndani ya kichaka kile. Kwa nini aliniacha mimi nipite, sijui. Nimemwuliza Mungu mara nyingi.

Nilipofika shuleni nilikuta watoto ni wachache. Nilidhani najua sababu. Mtoto mmoja akanieleza kwamba jana jioni Mzee Kondo alimpiga mbogo risasi ikaingia vibaya, giza likaingia. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuwatahadharisha watu, kisha akaenda kuzifunga njia kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo kijijini. Alfajiri alitoka na watu wawili kufuata damu.

"Kuzifunga njia kwa kitu gani?" niliuliza.

"Kwa tawi, mwalimu," mtoto alinijibu, akinishangaa. "Ukilikuta unarudi ulikotoka."

Nilitoka mbio bila kuaga darasa. Nilikuwa sijalivuka shamba la kwanza niliposikia sauti ya mwanamke, kisha mlio wa gobore.

Jina lake nitasema ni Mwajuma, mke wa Shomari, aliyekuwa jirani yangu na rafiki yangu wa kucheza bao. Alilala kwa mama yake kijiji cha pili, naye alikuwa akirejea kwa njia ya chini na chumvi na mafuta ya taa. Mzee Kondo na wenzake walikuwa wanamkaribia mbogo kwa upande wa juu, wakachelewa kwa hatua chache tu; alikuwa amekwisha mpiga pembe. Mbogo alikufa palepale. Mwajuma alikuwa hai, nyonga imevunjika na ubavu umefunguka.

Tulimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Kisarawe, nami nilishika mti wa nyuma, upande wa kichwa chake. Kwa hiyo niliyasikia yote.

"Shomari," alisema, "tawi halikuwapo."

"Nyamaza, mke wangu, usijichoshe."

"Mimi hutazama chini nikitembea, unanijua. Halikuwapo. Mwambie Mzee Kondo halikuwapo."

Mzee Kondo alikuwa ameshika mti wa mbele. Hakugeuka. Mimi nilikuwa na kinywa, na ulimi, na maneno mawili tu ya kusema: nililiondoa mimi. Nikajiambia kwamba tufike kwanza, apone kwanza. Hatukufika. Alikata roho katika mteremko wa mwisho, na wabebaji tukashusha machela chini ya jua kali, hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Baada ya arobaini lilifanyika baraza. Karani wa jumbe alikuwa mgonjwa, hivyo mimi niliombwa kuandika. Nilikaa na kalamu mkononi nikiandika mashtaka ya mtu asiye na hatia: kwamba alimjeruhi mnyama akaiacha njia ya chini wazi. Njia ya juu tawi lake lilikutwa. Njia ya chini hakikukutwa kitu.

"Niliweka," alisema Mzee Kondo. "Nililiweka kwa mkono wangu, na nyasi nikafunga."

"Nani shahidi wako?" jumbe aliuliza.

Mzee Kondo alitazama upande wangu kwa muda mrefu, nami nikadhani anaitazama karatasi.

"Sina," alisema.

Nikaandika: hana shahidi. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kama kawaida yake.

Alinyang'anywa gobore na kibali. Lakini hilo lilikuwa dogo. Watu waliacha kumjibu salamu. Akiingia msikitini, waliokuwa karibu naye walisogea. Wanawake walipokutana naye njiani walivuta watoto wao. Nguruwe walikula mihogo msimu ule wote, na watu walipolia njaa walimlaani yeye. Shomari aliapa mbele yangu, tukiwa kwenye bao: "Yule mzee hata akifa, udongo wangu hataupata." Nikacheza kete zangu.

Mnaweza kuuliza, kijana mwenye elimu na dini aliwezaje kunyamaza? Nilijijengea hoja, na zilikuwa hoja nzuri. Nilisema shule itafungwa. Nilisema nikiondoka mimi, wachawi watarudi na watoto watapotea. Nilisema marehemu hatarudi. Kila hoja ilikuwa na ukweli ndani yake, na zote kwa pamoja zilikuwa uongo.

Mwisho Mzee Kondo alihama, akaenda kukaa kwa dada yake huko Gwata, ambako hakuna aliyemjua. Likizo moja nilishindwa kuvumilia, nikamfuata. Nilimkuta kwenye mkeka, amekonda, anakohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mwalimu." Hakuniita Mwalimu Teke.

"Mzee, nimekuja kukuambia jambo. Tawi lile..."

"Usiniambie mimi," alinikatiza. "Mimi najua. Nililikuta kwenye majani, hatua sita kutoka njiani. Na kwenye vumbi kulikuwa na alama za viatu vyenye misumari. Kijiji kizima kina jozi moja ya viatu vya namna hiyo. Mimi ni msasi, mwanangu. Kusoma nyayo ndiyo shule yangu."

"Kwa nini hukusema barazani?"

"Ningeleta tawi, wangesema nimelikata leo. Ningekutaja wewe, wangesema natafuta wa kumsingizia, tena mwalimu." Alikohoa, akapumzika. "Tena nilikuwa nakungoja. Nilisema, yule kijana atasimama sasa hivi. Nikangoja, nikangoja, wewe unaandika."

Nilipiga magoti, nikalia, nikaomba radhi. Aliniambia maneno ambayo sikuyatarajia. "Radhi nimekupa. Lakini jina langu hukulichukua kwangu. Ulilichukua kule. Lirudishe kule."

Nikaahidi. Na hapa ndipo ilipo aibu yangu ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko ile ya kuliondoa tawi, kwa kuwa ile niliifanya kwa kutojua. Niliporudi kijijini niliandika barua kwa jumbe, nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaitia kwenye kitabu. Nikasema baada ya mitihani. Nikasema baada ya mavuno. Barua ya tatu ilikuwa mezani, haijakunjwa, nilipopata habari kwamba Mzee Kondo amezikwa Gwata. Kutoka kijijini kwetu hakwenda hata mtu mmoja.

Ndipo nilipokwenda kwa jumbe nikasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa gobore nimrudishie nani?"

Kutoka pale nilikwenda kwa Shomari. Nilitaka anipige. Ningeshukuru kupigwa. Alikuwa akisuka kamba, akaendelea kuisuka nilipokuwa nasema, mpaka nilipomaliza.

"Mwalimu," alisema, "mke wangu aliniambia halikuwapo, nikadhani ni maumivu. Hilo nitakusamehe nikiweza. Lakini mimi nilikataa kwenda kumzika mtu aliyezifunga njia kwa ajili ya mke wangu. Wewe ulikaa nami kwenye bao, ukaniacha nikatae. Hilo nilifanyeje?"

Sasa ni mwaka wa tatu, nafundisha mahali pengine, na swali lake nimehama nalo.

Kwa hiyo nawaonya. Wewe mwenye bunduki, ukimjeruhi mnyama usimwachie mwingine jeraha lako. Mfuate, na usipomfikia ziba njia na uwaambie watu, kama alivyofanya yule mzee. Wewe mpita njia, ukikuta alama usiyoifahamu, rudi nyuma ukaulize, hata kama umesoma kuliko wote utakaowauliza. Na wewe ambaye tayari umeondoa kitu, na mtu mwingine anaadhibiwa kwa ajili yako, usiandike barua. Simama uende leo, mtu huyo angali hai, useme mbele ya watu walewale.